Mgeni wa Kamati

Kwa zaidi ya miaka ishirini na tano nimewaambia watu kwamba sikwenda Ulaya nikiwa msichana kwa sababu mjomba wangu alikuwa na kadi ya chama. Hadithi hiyo nimeisimulia vizuri, hasa baada ya Uhuru, ilipopata soko. Nimeisimulia chuo kikuu, nimeisimulia harusini, na mara moja nikaisimulia mbele ya mjomba mwenyewe, naye akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ni lini alikuwa shujaa. Ni uongo. Kadi alikuwa nayo, ila hakuna Mzungu hata mmoja aliyemjali. Sikwenda Ulaya kwa sababu nilimfanyia rafiki yangu ubaya, na nikashikwa.

Naungama sasa kwa kuwa nimechoka kualikwa. Kila baada ya muda hutokea watu wenye barua zenye nembo, wanaotaka kupeleka vijana wetu kwao na kuleta wa kwao kwetu ili dunia ielewane, na wanamtafuta mama mwenye nywele zinazoanza kuwa na mvi aje kusema kwamba vijana ni daraja. Nami nakwenda, nasema, nanywa soda yao. Sijapata kuwaambia kwamba daraja lao la kwanza nililipita mimi, na nilichokifanya juu yake.

Wakati huo Kamati ilikuwa ya wake wa wakubwa wa serikali. Nadhani walikuwa saba. Vita vya dunia vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, na wale mabibi walikuwa wamegundua kwamba ulimwengu ulipigana kwa sababu wasichana hawajalala nyumba za wasichana wenzao. Dawa yao ilikuwa hii: msichana mmoja wa Kiingereza, wa miaka kumi na minane, aje akae majuma mawili katika nyumba ya Waafrika Kariakoo. Kwa malipo ya wema huo, msichana mmoja wa Kariakoo aende Uingereza, akae mwaka mzima, asome, na akifaa aendelee na chuo cha ualimu hukohuko. Majuma mawili kwa mwaka mmoja. Hata mimi niliyekuwa dhaifu wa hesabu niliona kwamba biashara hiyo haijapata kutokea mtaani kwetu.

Ni lazima nieleze maana ya nafasi ile. Nilikuwa darasa la kumi. Baada ya hapo kulikuwa na uuguzi kwa wenye moyo, ukarani kwa wenye mjomba, na mume kwa waliobaki. Wa kwangu alikwisha kuulizia: fundi cherehani wa miaka arobaini, mpole, mwenye jino la dhahabu. Mama mkubwa, aliyenilea, hakuwa amemkubali wala kumkatalia. Alikuwa amemwambia angoje aone Kamati itasema nini. Basi kati yangu na jino lile la dhahabu alisimama bibi mmoja mwenye glavu nyeupe.

Na alisimama mtu mwingine. Shule yetu ilipeleka majina mawili, langu na la msichana wa nyumba ya pili kutoka kwetu, binti wa Mnyamwezi aliyekuwa kuli bandarini. Tulikuwa marafiki tangu tukiwa na meno ya utoto. Alinizidi Kiingereza, alinizidi hesabu, alinizidi hata kucheka. Sisi ni Wazaramo, na Wanyamwezi ni watani wetu, kwa hiyo sikumbuki hata siku moja aliyoniamkia kwa heshima.

"Hodi! Wazaramo mmekwisha amka, au bado mnangoja jua liwaombe?"

"Karibu, mpagazi. Tua mzigo."

"Nitautua wapi, na nyumba imejaa wavivu?"

Hivyo ndivyo tulivyosalimiana miaka yote.

Kamati ilichagua nyumba yetu imlaze mgeni kwa sababu ilikuwa na sakafu ya saruji. Kabla ya hapo Mwenyekiti, yule mwenye glavu, alikuja kuikagua. Alipita ukumbini bila kutazama mtu, akatoka uani, akasimama mlangoni mwa choo. Akainamisha kichwa kidogo na kuvuta hewa kwa pua, mara tatu, taratibu, kama mpishi anayesikiliza mchuzi. Uani kulikuwa na wanawake wa vyumba sita, wote wanamtazama. Kisha akaandika kitu kwenye karatasi. Sijapata kuona tena mtu akivunjia nyumba nzima heshima kwa pua peke yake.

Siku mbili baadaye zikaletwa chokaa, dawa ya choo, chandarua, na orodha ya masharti. Mgeni anywe maji yaliyochemshwa. Mgeni asitoke juani bila kofia, kwani Wazungu wa siku zile waliamini kwamba jua la Dar es Salaam, ambalo liliwaacha wachuuzi wa Kariakoo wazima, lingemwua Mwingereza kabla hajavuka barabara. Mgeni asipewe kazi yoyote ya mikono. Nilimtafsiria mama mkubwa orodha yote. Akauliza, "Na kupumua, tumpumulie?"

Lakini msidhani kwamba sisi tulikuwa na akili zaidi. Mama mkubwa aliazima viti vinne kwa majirani, meza kwa fundi cherehani, ambaye aliitoa kwa furaha ya mtu anayelipa mahari kwa awamu, na kitambaa cha meza kwa Mhindi wa duka la vitambaa pale pembeni. Mkeka wetu tuliuficha. Mbuzi ya kukunia nazi tuliificha. Msichana wa watu alipofika, mwembamba, mwekundu shingoni, amevaa kofia pana ya majani yenye utepe wa buluu, tulimkalisha peke yake mezani ukumbini na uma na kisu, na sisi wengine tukakaa uani tukila kwa mikono na kumchungulia. Naye alituchungulia. Kwa siku tatu hivyo ndivyo mataifa yalivyoelewana.

Siku ya nne mtani wangu alikuja, akaiona ile meza, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema kwa Kiingereza, ili mgeni asikie, kwamba Wazaramo wamemfunga Mzungu kwenye meza kama mbuzi wa Idi. Kisha akachukua sahani ya mgeni, akaipeleka uani, akaiweka chini kati yetu, akaketi. Mgeni akamfuata. Kuanzia siku hiyo alikula uani.

Jioni aliniuliza kwa nini namruhusu yule msichana anitukane nyumbani kwangu. Nikamweleza. Nilieleza vizuri sana, na hilo ndilo linalonichoma. Nilimwambia kwamba zamani Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na misafara, wakakutana na wazee wetu, wakagombana, wakapatana, na tangu hapo ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kuingia kwako bila kuitwa, kuchukua kitu chako na kukizuia mpaka umfanyie atakalo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Na ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika, akufanyie kazi na kukuchekesha, maana wewe siku hiyo huwezi kujichekesha. Mgeni aliandika yote kwenye daftari lake. Aliniomba nimchoree, nikamchorea: huku Wazaramo, huku Wanyamwezi, mshale ukienda na kurudi. Nilijiona profesa.

Juma la pili alifariki mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, mzee wa Kizaramo aliyeuza tumbaku sokoni. Hakuwa na mke wala mtoto mjini, kwa hiyo msiba ulikuwa wetu. Mtu akasema mgeni arudishwe kwa Kamati. Mama mkubwa alikataa. "Mgeni haondoki siku ya msiba. Watasema tumemla." Akampa mgeni kanga, akamkalisha mkekani kati ya wanawake. Kofia yake hakuivua, aliogopa masharti.

Watani wakaja. Aliyewatangulia alikuwa mama yake rafiki yangu, mwanamke mnene, mweusi tii, mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe mnadani. Alifika mlangoni akajitupa chini, akalala kizingitini.

"Hatoki maiti hapa! Huyu mzee mnasema kafa leo? Mimi nilidhani kafa zamani. Miaka kumi namwomba tumbaku ya kunusa, hajapata kusikia!"

"Ondoka, mtani, watu wapite," mama mkubwa akamwambia, machozi yakimtoka na midomo ikimcheza.

"Siondoki. Nyie Wazaramo hata kuzika mtazika kesho, maana leo mmechoka."

Hatimaye aliinuka. Ndipo alipomwona mgeni. Akamzunguka mara moja, mara mbili.

"Na huyu?"

"Mgeni wetu," mama mkubwa akasema.

"Anakula kwenu?"

"Anakula."

"Analala kwenu?"

"Analala."

"Basi ni Mzaramo huyu, amechujuka tu. Nimepata mtani!"

Akamvua kofia, akaivaa. Kisha, Mungu amrehemu, akainua vidole vya mkono mmoja kama amevaa glavu, akatembea kwa hatua za bata mpaka mlangoni mwa choo, akainamisha kichwa, akavuta hewa kwa pua. Mara moja. Mara mbili. Ya tatu hatukuisikia, kwa sababu uani kote watu walikuwa wameangua kicheko. Waliokuwa wakilia walicheka huku wanalia. Nilimtazama mgeni. Alikuwa ameufunika uso kwa kanga na mabega yanamtikisika. Nilipomfunua nikaona anacheka kuliko sote. Alikwisha kukaa na Mwenyekiti siku tatu kabla ya kuja kwetu, na ile pua aliijua.

"Kofia hii ni yangu," mama yule akatangaza, "mpaka Mzaramo wa Ulaya aniteke maji. Debe zima. Bombani. Na avue viatu, hakuna mtani anayeteka maji na viatu."

Nilimtafsiria mgeni. Aliuliza jambo moja tu: "Na huu ndio ule mshale?" Nikasema ndio. Akavua viatu.

Wanawake walimsokotea kata ya kanga, wakamtwisha debe. Alitoka bombani akiwa amelowa mpaka kiunoni, debe linacheza, nywele zimemganda usoni, na nyuma yake akina mama kama ishirini wanapiga vigelegele, na rafiki yangu anatembea kando yake akilishika debe kwa kidole kimoja na kumwambia, "Polepole, mtani, unatulowesha marehemu." Sijaona tena, kwa miaka yote hii ya mikutano na vipaza sauti, watu wa nchi mbili wakielewana kama walivyoelewana wale kwa hatua mia tatu za barabara ya mchanga. Na haikuandaliwa na mtu yeyote mwenye karatasi.

Bahati mbaya ilipita motokaa. Ndani yake alikuwamo mmoja wa mabibi wa Kamati, akielekea kununua mananasi. Aliona Mwingereza, mtoto wa watu, peku, bila kofia, amebeba maji kama hamali, anasukumwa na kundi la Waafrika wanaopiga kelele. Hakusimama kuuliza. Watu wa namna ile huwa hawasimami, hupeleka habari.

Mgeni alichukuliwa jioni ile ile, kwa gari, akiwa bado amelowa. Alilia. Sisi tulidhani analilia marehemu, tukamsifu.

Siku ya tatu baada ya mazishi nikaitwa peke yangu ofisini kwa Kamati, karibu na Kivukoni. Palikuwa na feni, meza ndefu, na chai. Mwenyekiti mwenyewe alinimiminia. Aliniambia kwamba mgeni wao ana homa, hawataki kumsumbua kwa maswali, na kwamba mimi, msichana mwenye akili, nitawasaidia.

"Ni kweli kwamba alinyang'anywa kofia?"

"Ndiyo, madamu."

"Na alilazimishwa kubeba maji?"

"Ndiyo, madamu."

"Na nani?"

Nikasema. Nikasema ni mama yake nani.

"Yule ambaye jina lake pia liko mbele yetu?"

"Ndiyo, madamu."

Akatazamana na wenzake. Kisha akaniuliza, na sauti yake, nikubali, ilikuwa ya kutaka kujua: "Je, kuna jambo jingine tunalopaswa kulijua? Labda desturi fulani?"

Mshale wangu wote, wa kwenda na wa kurudi, ulikuwa kichwani. Sentensi tatu zingetosha. Nilifikiri juu ya jino la dhahabu. Nilifikiri juu ya chumba changu cha Uingereza, ambacho nilikwisha kukipangia mapazia. Nikasema, "Hapana, madamu. Hakuna." Nikala biskuti mbili.

Ningependa kusema kwamba hazikupita kooni. Zilipita vizuri. Zilikuwa na tangawizi.

Juma lililofuata mwalimu mkuu alimwita rafiki yangu, akamwambia jina lake limeondolewa kwa sababu ya "mazingira ya nyumbani." Hakuelezwa zaidi ya hapo. Jioni alikuja kwetu. Nilikuwa uani napepeta mchele, sikuinua uso.

"Hodi, Wazaramo."

Sikumjibu "mpagazi." Sikuweza. Nikamwambia tu, karibu.

"Wamenitoa," akasema. "Nadhani baba yangu ananuka bandari. Basi nenda wewe. Ukifika huko usiwachoshe kwa usingizi wako wa mchana." Akakaa chini, akachukua ungo mikononi mwangu, akaanza kupepeta. "Na usiwaambie kwamba Waingereza sasa ni watani wetu. Mama yangu atapanda meli akawachukue kofia zote."

Alicheka peke yake. Mama mkubwa, aliyekuwa akichochea moto, alinitazama. Yeye hakujua Kiingereza, hakujua Kamati iliniuliza nini, lakini alijua kwamba siku zote nikitukanwa na mtani hujibu. Kesho yake alimwambia fundi cherehani achukue meza yake, na aliniambia mimi nikaibebe.

Nikangoja. Nilishona nguo mbili. Nilijizoeza kusema "tafadhali" kwa Kiingereza mbele ya kioo, kwa namna tatu. Nilikwisha kujisadikisha kwamba nilichofanya hakikuwa uongo, kwa sababu kila nilichoulizwa nilijibu kweli isipokuwa swali moja, na swali moja kati ya mengi, mtu msomi atakwambia, ni kiasi kidogo. Ndipo nilipoanza kuwa mtu msomi.

Simu mtaani kwetu ilikuwa moja tu, dukani kwa yule Mhindi wa vitambaa. Mchana mmoja mkewe alisimama mlangoni akaniita kwa sauti ya kusikiwa mpaka sokoni, "Wewe binti! Simu! Mzungu!" Nilikimbia. Watu walinifuata kwa macho. Wawili watatu walinifuata kwa miguu. Mwenye duka alinipa mkono wa simu kama anavyoshika hariri ya bei, akasogea hatua moja. Moja tu. Wateja waliacha kupima khaki.

Ilikuwa sauti ya Mwenyekiti. Aliniuliza hali, nikamwambia nzuri.

"Mgeni wetu alipanda meli jana," alisema. "Alipopona tulizungumza naye kwa kirefu. Ametueleza juu ya watani. Ameniachia daftari lake. Ninalo hapa mbele yangu. Kuna mchoro."

Nikaubana mkono wa simu sikioni.

"Huu mwandiko si wake. Ni wako?"

"Ndiyo, madamu."

"Ulimchorea kabla ya ile siku ya maji?"

"Kabla, madamu."

Nikasikia anageuza ukurasa. Nilimdharau mwanamke yule tangu siku ya choo, na namdharau hata leo. Lakini ni lazima niseme kwamba hakupandisha sauti, hakuniita mwongo, wala hakunipa nafasi ya kumchukia kwa lolote alilolisema siku hiyo. Hilo sijamsamehe.

"Amesema ile ndiyo siku aliyojiona amefika," akaendelea. "Ameandika pia kwamba mama yule aliniigiza mimi. Anasema aliniigiza vizuri sana. Je, ni kweli?"

"Ni kweli, madamu."

Wateja wote dukani walikuwa wakinitazama mdomo. Mke wa mwenye duka alikuwa ananitabasamia; alidhani ninaagana na Afrika.

"Kamati ilikutana asubuhi," akasema. "Nafasi tumempa rafiki yako. Ataondoka mwezi ujao, na atakaa kwa wazazi wa msichana yule. Wao wenyewe wamemwomba. Barua rasmi tutaiandika shuleni. Lakini ningependa apate habari leo, maskini, kwa jinsi alivyotendewa. Anakaa nyumba ya pili kutoka kwenu, sivyo?"

"Ndiyo, madamu. Ya pili."

"Basi nenda ukamwambie wewe," akasema, "na umwambie yote. Itatuokolea stempu."